JIWE LA MIZANI NA JINA LILILOANDIKWA JUU YAKE

Msimu wa ununuzi wa mahindi na maharage unapofunguliwa katika wilaya za Kibondo na Kasulu, kitu cha kwanza kitolewacho ghalani ni mizani. Hupanguswa vumbi, husimamishwa barazani, na kazi huanza. Katika vyama ambavyo bado vina mizani ya mawe, ni makatibu wachache wanaolipindua jiwe na kutazama upande wake wa chini. Wangefanya hivyo wangeona tundu dogo lililojazwa risasi, na juu ya risasi hiyo alama zilizogongwa kwa nyundo. Alama hizo ndizo zinazolipa pande lile la chuma heshima ya kuitwa jiwe la mizani. Bila ya hizo ni chuma tu, nacho hakina haki ya kumwambia mkulima kwamba gunia lake limepungua.

Yafaa ieleweke kwanza tundu lile lipo kwa nini. Chuma cha kusubu hakitoki kalibuni kikiwa na uzito kamili. Hupungua kidogo au huzidi kidogo. Kwa sababu hiyo fundi huacha nafasi, akaitia risasi na kuipunguza au kuiongeza mpaka jiwe lilingane na lile linaloshikwa na serikali. Ndipo mkaguzi wa vipimo anapogonga chapa juu ya risasi yenyewe. Risasi ni laini. Mtu akiichokonoa kwa ncha ya kisu ili jiwe liwe jepesi, chapa huharibika, na udanganyifu huonekana. Hivyo chapa ile ni jina na ni kufuli pia: yasema ni nani aliyelithibitisha jiwe, na yafunga mahali ambapo mwizi angepitia.

Desturi ya kuandika juu ya mawe ya mizani ni ya kale sana. Katika mji wa Athene, Uyunani ya zamani, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta ndani ya kisima kilichofukiwa, kando ya uwanja wa soko, mawe matatu yaliyosubiwa kwa shaba iliyochanganywa na bati. Yalitengenezwa yapata mwaka 500 kabla ya kuzaliwa Kristo. Kila jiwe lina picha iliyoinuka usoni: la kwanza mfupa wa kifundo cha mguu wa mnyama, ambao watu wa nchi ile waliuchezea kama kete, la pili ngao, la tatu kobe. Maandishi yake yanataja kipimo, yaani kizima, robo na sudusi, na yanasema kwamba mawe hayo ni mali ya umma wa Waathene. Asiyejua kusoma aliitambua robo kwa ngao yake, na aliyejua kusoma alijua pia ni nani wa kudaiwa.

Mawe hayo yalipopimwa katika zama zetu, kizima kilikuwa gramu 795, robo gramu 190 na sudusi gramu 126. Mwenye kupenda hesabu ataona jambo mara moja. Robo ikizidishwa mara nne ni gramu 760, na sudusi ikizidishwa mara sita ni gramu 756. Mawe matatu ya serikali moja hayapatani. Shaba iliyolala ardhini kwa zaidi ya miaka 2,400 huliwa, na huenda sehemu ya tofauti imetokana na hilo. Lakini mkaguzi wa leo asingeyapigia chapa.

Kwa nini shaba? Chuma hula kutu na kupungua mwaka hata mwaka. Risasi ni rahisi kupatikana na kuyeyushwa, na kwa kweli mawe mengi ya wafanyabiashara wa Athene yaliyookotwa ni ya risasi. Ila risasi hukwanguliwa hata kwa ukucha. Shaba yenye bati ni ngumu, haili kutu kama chuma, na herufi zilizomo husomeka kwa muda mrefu. Aliyetaka kuipunguza alihitaji tupa, na tupa huacha alama. Jiwe la shaba liligharimu zaidi, na gharama hiyo ilikuwa na maana kwa jiwe ambalo mawe mengine yote yangelinganishwa nalo.

Waathene hawakuliamini jiwe kwa sababu ya madini yake peke yake. Aristotle aliandika katika karne ya 4 kabla ya Kristo kwamba mji ulichagua kwa kura wasimamizi kumi wa vipimo, watano wa mjini na watano wa bandari ya Piraeus, kazi yao ikiwa ni kuhakikisha kwamba wauzaji wanatumia mizani na vibaba vya haki. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 2 kabla ya Kristo, ilitolewa amri iliyochongwa juu ya jiwe ikieleza vipimo vya asili vitunzwe mahali gani na nani avitunze: mjini, bandarini, na katika mji wa Eleusis. Nafaka nayo ilikuwa na vipimo vyake vya udongo wa kuchoma vilivyopigwa chapa ya umma, yenye sura ya mungu wao wa kike Athena na ya bundi. Katika miji ya Shamu iliyofuata desturi za Kiyunani, mawe ya risasi yaliandikwa mwaka pamoja na jina la mtu aliyekuwa msimamizi wa soko mwaka ule. Mteja aliyepunjwa hakulazimika kuulizana na jiwe. Alikuwa na jina na mwaka.

Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo hili. Jiwe la mizani ni ahadi, na ahadi isiyo na mwenyewe haina thamani. Dini zetu mbili kubwa zililiona hilo mapema: Torati inamkataza mtu kuchukua mfukoni mawe mawili, moja kubwa na moja dogo, na Kurani inayo sura nzima, ya 83, inayoitwa kwa jina la wapunjaji wa vipimo. Mawe mawili yana maelezo yake. Mlanguzi anaponunua kwa mizani ya vitanga hutumia jiwe zito kuliko linavyodai, ili mkulima aongeze mahindi mpaka vitanga vilingane. Anapouza hutumia lililo jepesi. Yote mawili huitwa kilo.

Riale, ratili na frasila

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na chombo chake cha kupimia chenye maandishi, ingawa wengi walikijua kama fedha tu. Ni riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini riale yake iliendelea kupigwa kwa sura ile ile na mwaka ule ule wa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Arabuni na Uhabeshi hawakutaka nyingine. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, nao haukubadilishwa. Katika hesabu ya Unguja ya karne ya 19, uzito wa riale moja ulikuwa wakia moja. Wakia 16 zilifanya ratili. Ratili 3 zilifanya mani. Na mani 12 zilifanya frasila. Katibu akizidisha ataona kwamba frasila hiyo ilikuwa kama kilo 16. Baadaye ilifungwa kwenye ratili 35 za Kiingereza, na wakulima wa karafuu wa Unguja na Pemba waliihesabu hivyo kwa miaka mingi.

Frasila haikukaa pwani. Misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji kutafuta pembe za ndovu iliihesabu mizigo yake kwa kipimo hicho, na bei ya pembe ilitajwa kwa frasila. Kwa watu wa bara kilikuwa kipimo cha mgeni: aliyeleta jiwe ndiye pia aliyelisoma. Wenyeji wa nyanda za juu za Buha hawakuwa wajinga wa kupima. Walikuwa na vipimo vyao, ila havikuwa vya uzito. Chumvi ya Uvinza ni mfano mzuri. Uchimbaji wa mwaka 1967 ulionyesha kwamba maji ya chemchemi zile yalichemshwa kupata chumvi tangu miaka ipatayo 1,500 iliyopita, na katika karne ya 19 watu walikuja kutoka Buha, Burundi na Unyamwezi kuifuata. Iliuzwa kwa mzigo uliofungwa, na watawala wa Uvinza walichukua sehemu yao kama ushuru. Kipimo cha namna hiyo kinafaa pale muuzaji na mnunuzi wanapouona mzigo kwa macho na kuweza kuukataa. Huvunjika pale mmoja wao anapokuwa na haraka au madeni.

Na hiyo ndiyo hali ya debe hata leo. Debe na kisado ni vipimo vya ujazo, wala havijui uzito. Maharage makavu na maharage mabichi hulijaza debe sawa, mahindi yaliyoshindiliwa huingia zaidi kuliko yaliyomiminwa, na kile kilima kinachowekwa juu ya mdomo wa debe hakina kipimo chochote isipokuwa mkono wa mnunuzi. Gunia la lumbesa ni ndugu wa kilima hicho: kofia inashonwa juu ya gunia, na bei inabaki ya gunia moja. Mama aliyebeba maharage yake kutoka shambani mpaka gulioni hawezi kuyarudisha nyumbani kwa sababu ya kilima cha debe. Mnunuzi anajua hivyo.

Mizani iliyozaa ushirika

Wanachama vijana pengine hawajui kwamba moja ya miungano mikubwa ya ushirika katika nchi hii ilianzia kwenye mizani. Katika Usukuma na visiwa vya Ukerewe, baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa pamba waliuza kwa wanunuzi waliohusiana na viwanda vya kuchambulia pamba. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, msomaji wa mizani alikuwa mtu wa mnunuzi, na mwandishi wa stakabadhi vilevile. Malalamiko yalikuwa mengi. Wakulima hawakuanza kwa kudai viwanda; kudai viwanda kulikuja baadaye. Walianza kwa kuchanga fedha na kuweka wapimaji wao wenyewe, ili pamba ipimwe kwanza na mtu wao kabla ya kufika kwa mnunuzi, na mkulima aende akiijua hesabu yake.

Kutokana na juhudi hizo, zilizoongozwa na watu kama Paul Bomani, vikaandikishwa vyama vya msingi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 vyama vikuu vya pamba vikaunganishwa katika shirikisho lililojulikana kama Victoria Federation. Bomani alikuwa meneja wake, na baadaye akawa waziri wa serikali. Jambo la kukumbuka kwa makatibu wa Kibondo na Kasulu ni hili dogo: mpimaji yule wa kwanza hakuwa na mamlaka ya serikali, wala hakuwa na chombo bora kuliko cha mnunuzi. Alikuwa na majirani waliomjua kwa jina.

Upande wa serikali, sheria inayotawala vipimo ni ya mwaka 1982, mwaka ule ule uliotungwa sheria ya kurudisha vyama vikuu vya ushirika vilivyokuwa vimevunjwa mwaka 1976. Tangu mwaka 2002 kazi ya ukaguzi inafanywa na Wakala wa Vipimo. Mizani na mawe yatumikayo katika biashara hapana budi yahakikiwe kila mwaka na kupigwa chapa, na chapa hiyo haihami kutoka chombo kimoja hadi kingine. Siku hizi mizani ya kielektroniki imeanza kushika nafasi ya ile ya mawe. Haina jiwe la kupindua, lakini ina lakiri na kibandiko chenye mwaka, navyo vinasema maneno yale yale yaliyosemwa na chapa ya risasi.

Hapa kuna jambo moja la ajabu kidogo kwa wakazi wa milimani. Mizani ya vitanga hulinganisha vitu viwili, na hutoa jibu lile lile popote duniani. Mizani ya springi hupima mvuto wa ardhi, na mvuto huo hupungua kadiri mtu anavyopanda juu. Mizani ya springi iliyorekebishwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ikiletwa Kasulu zaidi ya mita 1,000 juu, itaonyesha pungufu kidogo sana. Tofauti yenyewe haifiki gramu 50 katika kilo 100, na hakuna mkulima atakayefilisika kwa hiyo. Hata hivyo ni sababu mojawapo ya kuikagua mizani pale inapofanyia kazi, kwa mawe yaliyothibitishwa, badala ya kuiamini kwa kuwa ilikuwa sahihi ilikotoka.

Upungufu ghalani

Mpaka hapa yamezungumzwa madhara ya mkulima. Lakini katika ofisi za vyama, mtu anayelala macho wazi kwa ajili ya mizani ni katibu. Mizani inayompunja mkulima humletea katibu ziada asiyoweza kuieleza, na inayompendelea mkulima humletea upungufu. Wanachama wanapoona upungufu kwenye mkutano mkuu hawaulizi habari za springi. Wanauliza mke wa katibu amejenga kwa fedha gani.

Yafaa basi kila katibu ajue kutenganisha upungufu wa aina tatu: wa maji, wa mizani na wa mkono. Tuchukue mfano. Chama kimenunua kilo 20,000 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 16, katika magunia 200 ya kilo 100. Mahindi yamekaa ghalani mpaka yamefikia asilimia 13.5, kiwango kinachotakiwa kwa mahindi ya kuhifadhiwa. Siku ya kununua, sehemu kavu ilikuwa asilimia 84, yaani kilo 16,800. Sehemu hiyo haikwenda popote. Sasa ni asilimia 86.5 ya mzigo wote, kwa hiyo mzigo wote ni kilo 16,800 gawanya kwa 0.865, ambayo ni kilo 19,422. Zimepotea kilo 578, karibu magunia sita, na hakuna mtu aliyeiba hata punje. Zimekwenda hewani.

Ikiwa ghala la chama kikuu limepokea kilo 19,422, katibu yule ni mtu safi, lakini atawezaje kuthibitisha kama hakuandika unyevu siku ya kununua? Na ikiwa zimepokewa kilo 19,322, kuna kilo 100 za kutafutwa. Hapo itazamwe mizani. Kosa la nusu kilo kwa kila gunia, ambalo jicho haliwezi kuliona kwenye sahani yenye mishale, latosha kabisa kuzifanya kilo 100 katika magunia 200. Magunia matano yapimwe upya kwa mizani nyingine iliyohakikiwa. Kama mizani ni sahihi, ndipo maswali mengine yaanze. Katibu anayeshutumiwa kabla ya hatua hii ameonewa, hata kama baadaye itaonekana kwamba alikuwa na kosa.

Kuna kinga ambayo gharama yake ni ndogo. Chama kiwe na jiwe moja la majaribio la kilo 20 lililohakikiwa, likae ndani ya sanduku lenye kufuli, wala lisitumike kupimia mazao. Kila asubuhi ya ununuzi, wanachama wa kwanza wakiwa wamefika, sahani ya mizani ifagiliwe, mshale uwe kwenye sifuri, kisha jiwe liwekwe katikati na baadaye katika kila pembe ya sahani, kwa maana mizani ya jukwaa iliyochoka huwa sahihi katikati na huongopa pembeni. Mwanachama mmoja, asiwe mjumbe wa kamati, aisome namba kwa sauti. Iandikwe daftarini pamoja na tarehe na sahihi yake. Shughuli yote haizidi dakika tano, na kwa kawaida wazee hufurahi kuitwa kuisoma namba.

Jiwe lililodondoka sakafuni, lililopasuka, au ambalo chapa yake imefutika, liwekwe kando siku ile ile. Asiitwe mhunzi kuligonga alama mpya. Hilo ni kosa la jinai, hata kama jiwe lenyewe lina uzito kamili. Lisitumike hata kupimia chumvi ya duka la chama mpaka lipite mikononi mwa mkaguzi wa vipimo. Na katika ukurasa wa kwanza wa daftari la mizani iandikwe namba ya kila mizani na kila jiwe, mwaka wa chapa ya mwisho, na jina kamili la mtu anayeshika ufunguo wa sanduku.